Makosa matano au mawili? Kisa cha Medina Spirit na hesabu ya mkosaji sugu

Pikogramu 21 katika mililita moja ya damu. Pikogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara trilioni, kiasi ambacho jicho halikioni wala mizani ya kawaida haikipimi. Kiasi hicho ndicho kilichompokonya farasi Medina Spirit ushindi wa Kentucky Derby ya 2021, mbio kubwa za farasi za Marekani. Mkufunzi wake, Bob Baffert, akafungiwa siku 90 Kentucky, mwaka mmoja New York, na zaidi ya miaka mitatu katika uwanja wa Churchill Downs, ambako Derby hukimbiwa.

Wapo wanaosema Baffert alionewa, na wapo wanaosema aliponea chupuchupu. Wote hubishana juu ya urefu wa adhabu. Swali linalotangulia ni jinsi makosa yake ya nyuma yalivyohesabiwa, kwa sababu bila hayo ya nyuma kosa la Derby lingeishia kwenye faini ndogo na siku chache nje ya uwanja.

Kilichopatikana kwenye sampuli

Mbio zilikuwa tarehe 1 Mei 2021 mjini Louisville. Medina Spirit, farasi aliyewahi kuuzwa kwa dola 1,000 tu akiwa na umri wa mwaka mmoja, aliongoza tangu geti lilipofunguka hadi mstari wa mwisho, jokei (mpanda farasi) John Velazquez akiwa mgongoni. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola milioni 1.86 kati ya milioni 3 zilizoshindaniwa.

Baada ya mbio, farasi mshindi hapelekwi moja kwa moja bandani kwake. Huongozwa hadi banda la vipimo, hupozwa kwa kutembezwa na kumwagiwa maji, kisha huchukuliwa damu na mkojo mbele ya mwakilishi wa mkufunzi. Sampuli hugawanywa sehemu mbili na kufungwa kwa lakiri yenye namba. Sehemu ya kwanza huenda maabara, ya pili huhifadhiwa. Ya kwanza ikikutwa na kitu, mkufunzi ana haki ya kuomba ile ya pili ipimwe na maabara nyingine. Utaratibu huu ulifuatwa, na sampuli ya pili ikathibitisha kilichoonwa kwenye ya kwanza.

Dawa yenyewe ilikuwa betamethasoni, ambayo hupunguza uvimbe. Ni dawa halali ya matibabu ya farasi. Kinachokatazwa ni farasi kuingia uwanjani ikiwa bado mwilini, kwa sababu ikidungwa kwenye kiungo hutuliza maumivu, na farasi asiyesikia maumivu hukanyagia mguu mbovu kwa nguvu zote. Hapo anayekaribia kufa ni farasi, na jokei aliye juu yake. Kentucky iliwahi kuvumilia hadi pikogramu 10. Mwaka 2020 kanuni ikakazwa: chochote kitakachoonekana siku ya mbio ni kosa. Kwa hiyo wanaolaumu kanuni mpya wakumbuke kwamba 21 ingekuwa kosa hata kwa ile ya zamani.

Tarehe 9 Mei, Baffert aliwatangazia waandishi matokeo hayo na kusema farasi wake hajawahi kutibiwa kwa betamethasoni. Siku mbili baadaye maelezo yakabadilika. Medina Spirit alipata ugonjwa wa ngozi sehemu ya nyuma baada ya Santa Anita Derby, mbio nyingine za mwezi wa Aprili huko California, daktari wa mifugo akapendekeza marhamu iitwayo Otomax, na farasi akawa anapakwa mara moja kila siku hadi siku moja kabla ya Derby. Otomax ina dawa tatu ndani yake: ya bakteria, ya fangasi, na betamethasoni. Jina la hiyo ya tatu limeandikwa kwenye kifurushi.

Marhamu au sindano

Mawakili wa Baffert walijenga utetezi wao juu ya kemia. Betamethasoni ya marhamu ni ya aina iitwayo valereti. Ile ya kudunga kwenye kiungo ni asetati, iliyotengenezwa ili iachie dawa polepole. Mkojo wa farasi ulipelekwa maabara ya New York, na Desemba 2021 majibu yakaonyesha valereti, bila asetati. Hadithi ya marhamu, basi, ilikuwa ya kweli. Ushahidi huo unastahili uzito wake, maana wengi walikwisha kuamua kwamba ni uongo.

Lakini kanuni imeandika betamethasoni, haikutaja valereti wala asetati. Tarehe 21 Februari 2022, siku 296 baada ya mbio, wasimamizi wa mashindano wa Kentucky walimwondolea Medina Spirit ushindi na kumpa Mandaloun, aliyekuwa wa pili. Baffert akatozwa faini ya dola 7,500 na kufungiwa siku 90. Medina Spirit mwenyewe alikuwa amekwisha kufa: alianguka Santa Anita tarehe 6 Desemba 2021 baada ya mazoezi, na uchunguzi wa mzoga haukutoa sababu ya uhakika.

Kumwondolea farasi ushindi na kumwadhibu mkufunzi ni mambo mawili, na mabishano mengi juu ya kisa hiki yameyachanganya. Kuondoa ushindi hakuhitaji hatia ya mtu yeyote. Farasi 19 walikimbia siku hiyo, mmoja akiwa na dawa ambayo wengine walizuiwa kuwa nayo, na mwenye farasi wa pili ana haki ya kusema hakushindana kwa masharti sawa. Hapo tofauti ya valereti na asetati haina nafasi. Kwenye adhabu ya mkufunzi ina nafasi kubwa, kwa sababu anayepaka marhamu kwenye upele hafanyi jambo moja na anayedunga goti la farasi mchechemeaji ili akimbie.

Sheria ya mbio za farasi Marekani humfanya mkufunzi abebe dhamana yote. Kikikutwa kitu kwenye damu, ni chake, awe alijua au hakujua. Bila kanuni hiyo hakuna ambaye angewahi kutiwa hatiani, maana mabandani kila mtu angemnyooshea kidole saisi. Gharama yake ni kwamba inaondoa swali la nia mwanzoni, na swali hilo lazima lirudi mahali fulani. Mahali pake pekee palipobaki ni kwenye ukubwa wa adhabu.

Rekodi ya miezi 12

Magazeti yaliandika kwamba hilo lilikuwa kosa la tano la Baffert katika mwaka mmoja. Tuyatazame moja moja.

Tarehe 2 Mei 2020, uwanja wa Oaklawn, Arkansas: farasi wake Charlatan na Gamine wote wawili walikutwa na lidokeini, dawa ya ganzi. Kikomo kilikuwa pikogramu 20. Charlatan alikuwa na 46, Gamine 185. Maelezo ya upande wa Baffert yalikuwa kwamba msaidizi wake mwenye maumivu ya mgongo alibandika Salonpas, plasta yenye lidokeini, kisha kwa mikono ileile akawafunga farasi wote wawili kamba ya ulimi. Kamba hiyo hukaa mdomoni, ikigusa utando laini unaonyonya dawa haraka, kwa hiyo maelezo hayo yanaingia akilini. Wasimamizi walimfungia siku 15 na kuwaondolea farasi ushindi. Aprili 2021 tume ya Arkansas ilifuta kifungo, ikarudisha ushindi, na kubakiza faini ya dola 10,000, yaani 5,000 kwa kila farasi.

Tarehe 25 Julai 2020, Del Mar, California: farasi wake Merneith alikutwa na dekstromethofani, dawa iliyomo kwenye vidonge na maji ya kikohozi cha binadamu. Hapa maelezo yalikuwa kwamba ilitoka kwa mfanyakazi wa banda aliyekuwa anaumwa. Faini dola 2,500.

Tarehe 4 Septemba 2020, Churchill Downs: Gamine tena, safari hii akiwa wa tatu kwenye Kentucky Oaks, mbio za farasi majike, alikutwa na betamethasoni pikogramu 27. Utetezi ulisema alitibiwa siku 18 kabla ya mbio, ilhali mwongozo ulishauri siku 14. Faini dola 1,500, na nafasi ya tatu ikaondolewa.

Kisha Derby.

Sasa tazama kalenda. Kanuni ya Kentucky ya wakati huo iliangalia makosa yaliyotokea ndani ya siku 365, na yale ya majimbo mengine yaliingia kwenye hesabu. Kutoka Oaklawn hadi Derby ni siku 364. Derby ingefanyika siku mbili baadaye, kosa la lidokeini lingetoka nje ya dirisha, na mkufunzi yuleyule, farasi yuleyule na marhamu ileile vingekutana na hesabu nyingine. Dirisha lolote lina ukingo, hilo halikwepeki. Kasoro ni kuliacha dirisha liwe ndilo linaloamua nani ni sugu.

Kwa nini tano si hesabu sahihi

Kwanza, farasi wawili wa Oaklawn walichafuliwa siku moja, na mtu mmoja, kwa mikono ileile. Tume ya Arkansas ilitoza faini mbili, na kwa faini si vibaya. Kwa kupima usugu, hilo ni tukio moja. Mkufunzi hakupata nafasi ya kujifunza kwa Charlatan kabla ya kukosea kwa Gamine.

Pili, kesi ya Oaks haifanani na nyingine. Ikiwa siku 18 ni za kweli, mkufunzi alifuata ushauri na kuongeza siku nne. Mwongozo wa siku za kusubiri hutokana na majaribio ya farasi wachache waliopewa kipimo maalumu. Farasi aliyedungwa viungo viwili badala ya kimoja, au ambaye mwili wake hutoa dawa polepole, atakutwa nayo hata baada ya muda kupita. Ndiyo maana madaktari makini hupima damu siku chache kabla ya mbio badala ya kutegemea kalenda. Kutofanya hivyo ni uzembe mdogo, na dola 1,500 ziliendana nao.

Tatu, dawa hazifanani. Ganzi iliyotoka kwenye plasta ya mtu, dawa ya kikohozi, na dawa ya viungo hazionyeshi mpango mmoja wa udanganyifu. Mtu anayetaka kuiba mbio hachagui dawa ya kikohozi.

Mbili ni hesabu ya haki zaidi

Hata hivyo, kutoka hapo hadi kusema hana rekodi ni mbali sana. Ukiyapanga makosa kwa chanzo badala ya idadi, yanajigawa mafungu mawili, na kila fungu lina jozi.

Fungu la kwanza ni dawa za wafanyakazi kuwafikia farasi. Habari za lidokeini zilitoka mwishoni mwa Mei 2020. Merneith alikimbia mwisho wa Julai. Miezi miwili inatosha kuweka taratibu nne rahisi: kila anayefanya kazi bandani aandikishe dawa anayotumia, hata ya dukani, glavu mpya kwa kila farasi anapofungwa kamba ya ulimi au kuwekewa lijamu, anayeumwa asiguse farasi wa kukimbia wiki hiyo, na marufuku kabisa ya kukojoa kwenye matandiko ya farasi. Hiyo ya mwisho huwachekesha wageni, lakini ni njia inayojulikana sana ya uchafuzi. Saisi anayeanza kazi alfajiri na choo kiko mbali hujisaidia kwenye majani makavu, dawa aliyomeza inabaki pale, na farasi huyatafuna majani hayo usiku kucha. Banda lililoaibika kwa plasta ya mgongo mwezi Mei lilipaswa kuwa limeziba tundu hilo kabla ya Julai.

Fungu la pili ndilo zito. Farasi wa banda hili alikwisha kukutwa na betamethasoni kwenye Oaks, na kesi hiyo ilifungwa Februari 2021. Novemba 2020 Baffert alitoa taarifa hadharani akiahidi kuongeza uangalizi na kumtumia daktari wa nje kuhakikisha kanuni zinafuatwa. Miezi miwili baada ya kesi kufungwa, banda hilohilo likaanza kumpaka farasi wa Derby, kila siku, marhamu yenye betamethasoni. Kemia haimsaidii hapa, wala ugonjwa wa ngozi. Kilichohitajika ni mtu mmoja kugeuza kifurushi na kusoma mstari wa viambato, akiwa na jina la dawa lililokwisha kuwagharimu kichwani mwake. Marhamu zisizo na steroidi zipo. Nia ya kudanganya haikuonekana, na haihitajiki: kurudia dawa ileile baada ya onyo la dawa ileile ndiyo maana halisi ya usugu.

Kwa hesabu hiyo, siku 90 zinaweza kutetewa. Zisingeweza kutetewa kwa hoja ya makosa matano.

Kosa moja, adhabu tatu

Wakati Kentucky inasubiri vipimo, wengine hawakusubiri. Tarehe 17 Mei 2021 chama kinachoendesha mbio za New York kilimfungia kwa muda bila kumsikiliza. Julai jaji wa shirikisho akakizuia, kwa sababu moja ya wazi: mtu hanyimwi riziki yake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Chama kikarudi, kikaandaa usikilizwaji kamili Januari 2022, na mwishowe kikampa mwaka mmoja ulioisha 25 Januari 2023. Safari hii hakuna aliyeweza kulalamika juu ya utaratibu. Ndivyo ilivyopaswa kuanza.

Churchill Downs ni kampuni binafsi, na ilimfungia tarehe 2 Juni 2021 kwa miaka miwili, miezi karibu tisa kabla ya wasimamizi wa jimbo kutoa uamuzi wowote. Mahakama haikuizuia. Mwenye uwanja ana haki ya kuchagua wageni wake. Julai 2023, miaka miwili ilipotimia, kampuni ikarefusha hadi mwisho wa 2024, ikilalamika kwamba Baffert anaendelea kueneza maelezo ya uongo kuhusu kesi hiyo. Hakukuwa na sampuli mpya wala farasi mpya. Aliongezewa muda kwa sababu ya kuendelea kubisha. Januari 2024 yeye na mwenye farasi waliacha rufaa, Julai akatoa taarifa ya kukubali wajibu, na kifungo kikaondolewa tarehe 19 Julai 2024.

Sehemu hii ya kisa ndiyo isiyo ya haki hata kwa asiyempenda Baffert. Adhabu ya dawa ipimwe kwa dawa. Mtu anayekata rufaa kwa njia halali asilipe kwa kukata rufaa, la sivyo wakufunzi wadogo, wasio na mawakili, watajifunza kukubali chochote wanachoambiwa.

Uzito usio sawa

Siku 90 si siku 90 kwa kila mtu. California ina kanuni kwamba aliyefungiwa siku 60 au zaidi hupoteza nafasi zake mabandani, kwa hiyo farasi wa Baffert walihamishiwa kwa wakufunzi wengine, wakiwemo waliowahi kuwa wasaidizi wake. Taiba na Messier wakakimbia Derby ya 2022 chini ya Tim Yakteen. Wenye farasi hawakupoteza msimu, na kifungo kilipoisha banda likajaa tena. Mkufunzi mwenye farasi wanane akifungiwa siku hizo, farasi huondoka na hawarudi, masaisi hutafuta kazi kwingine, na leseni hubaki karatasi. Faini ya dola 7,500 kando ya zawadi ya milioni 1.86 ni pesa ya njiani, ilhali kwa yule mdogo ni malisho ya mwezi mzima.

Upande wa pili wa hoja hiyo husemwa na wenye mabanda makubwa: anayekimbiza farasi mamia kwa mwaka atakutwa na makosa mengi kuliko anayekimbiza kumi. Ni kweli, na kipimo cha haki kingegawanya makosa kwa idadi ya farasi waliokimbia. Lakini banda kubwa lina pesa za kuajiri mtu wa kusoma vifurushi.

Na wachezaji kamari? Aliyemchagua Mandaloun kwa malipo ya 26 kwa 1 hakupata kitu. Malipo hufuata matokeo yaliyotangazwa siku ya mbio, na kubadilika kwa mshindi baada ya miezi tisa hakurudishi tiketi iliyochanwa.

Jambo moja zaidi kuhusu kuhesabu. Machi 2020 wakufunzi Jorge Navarro na Jason Servis walishtakiwa na serikali ya shirikisho kwa mpango wa kuwapa farasi dawa za kuongeza nguvu, na baadaye wakafungwa jela, miaka mitano na minne. Walinaswa kwa simu zilizosikilizwa na wapelelezi. Maabara zilizopima farasi wao wakishinda hazikuwanasa. Orodha ya makosa ya maabara huwaona wazembe vizuri kuliko inavyowaona wezi.

Tangu 22 Mei 2023 mamlaka ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya 2020 ndiyo inayosimamia dawa katika majimbo mengi ya Marekani, na imetenganisha dawa zilizopigwa marufuku kabisa na zile za matibabu zinazodhibitiwa. Mtengano huo ungeiweka kesi ya Medina Spirit kwenye fungu jepesi tangu siku ya kwanza. Hesabu ya marudio bado inahitaji safu moja zaidi kwenye fomu, karibu na tarehe na jina la dawa: chanzo cha kosa lililopita, na mkufunzi alibadilisha nini bandani baada yake. Akikosea tena, wasimamizi wafungue safu hiyo kwanza, kabla ya kuhesabu siku.